Kikao cha mtaa Jumamosi kuhusu ghorofa la apatimenti hapa Mwanga, Kigoma: mambo ya moto tuulize nini?

Jirani_Mwanga:

Wakuu habari za jioni, naombeni mawazo haraka kidogo maana kikao ni Jumamosi hii na leo tayari Jumanne.

Nipo Kigoma mjini, Mwanga. Kiwanja cha pili kutoka kwangu kulikuwa na nyumba ya zamani ya vyumba sita, wapangaji wakatoka, mwenyewe akaibomoa na saivi anataka kupandisha ghorofa la apatimenti, chini na juu jumla sakafu nne, kila sakafu familia nne, yaani familia kumi na sita sehemu iliyokuwa inakaa watu kumi. Mwenyekiti wa mtaa kapita nyumba kwa nyumba kutuambia watu wa mipango miji wa manispaa wanakuja kutusikiliza majirani kabla maombi yake hayajaenda mbele.

Nieleweke kwanza, sipingi ghorofa. Mji unajaa, watumishi wanahamishiwa huku hawana pa kupanga, mdogo wangu mwenyewe ana miezi minne anatafuta chumba na sebule hajapata cha maana. Kwahiyo nyumba tunazihitaji. Ila kijana mmoja wa pale saiti alinionyesha mchoro kwenye simu na tangu siku hiyo sijatulia. Ngazi ni moja tu, iko katikati kabisa ya jengo, imezungukwa na milango ya nyumba zote nne, haina dirisha wala uwazi wowote, na kule chini inatokea sehemu ya kupaki magari ambapo hapohapo ukutani ndo pamechorwa mita za umeme na chumba cha jenereta. Madirisha yote yana grili mpaka sakafu ya juu kabisa. Alafu njia ya kuingilia ni kile kichochoro chetu ambacho bajaji mbili zikikutana moja inarudi nyuma.

Mimi ni mwalimu, sijui ujenzi, ila najiuliza ikitokea mtungi wa gesi umelipuka sakafu ya chini usiku wa manane wale wa juu wanapita wapi? Na moto ukija kwetu upande huu kwa upepo ule wa ziwani je? Sheria inanipa nafasi gani ya kuuliza hayo, na niulize nini hasa ili nisionekane nina wivu na mali ya mtu, maana tayari kuna wanaosema hivyo.

Mchora_Ramani:

Mwalimu habari. Nachora majengo, kazi zangu nyingi ni Kigoma na Kasulu, ntajaribu kukupa mwanga.

Nafasi ya kuuliza unayo kabisa. Ghorofa haliwezi kusimama bila kibali cha ujenzi kutoka halmashauri, na michoro inapita mikononi mwa watu kadhaa, mipango miji, ardhi, mhandisi, afya, na zimamoto nao wanatakiwa waione. Kuna Sheria ya Mipango Miji ya 2007 na mwaka huohuo ikatungwa Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, kisha 2008 zikaja kanuni za ukaguzi na vyeti vya usalama wa moto. Kwahiyo swali lako la kwanza Jumamosi liwe jepesi tu: zimamoto wameshauona huu mchoro, na wamesema nini kwa maandishi? Kama bado, omba isubiriwe kauli yao. Hapo huna wivu na mtu, umeuliza hatua ambayo ipo.

La pili muulize nani kachora na nani atasimamia. Ghorofa linatakiwa liwe na mbunifu aliyesajiliwa, mhandisi, mkandarasi aliyesajiliwa, na kibao pale saiti chenye majina yao. Usipoona kibao jua kuna mtu hataki kutafutwa.

Sasa suala la ngazi moja, hapa naomba unisome taratibu maana watu wengi wanalirahisisha. Ngazi moja peke yake siyo dhambi. Kule Marekani kanuni ya mfano wanayoifuata miji mingi inaruhusu ngazi moja kwenye nyumba za kupanga mpaka sakafu tatu, lakini mji wa Seattle wameruhusu kwa miaka mingi mpaka sakafu sita, na New York nao wana utaratibu wao. Jimbo la British Columbia kule Kanada mwaka 2024 nao wakafungua mlango huo mpaka sita. Sababu yao ni hii unayoisema wewe, nyumba hazitoshi, viwanja vidogo, ngazi ya pili inakula eneo. Uingereza ndo wanakwenda kinyume, baada ya jengo la Grenfell Tower kuungua London tarehe 14 Juni 2017 wakafa watu 72 kwenye jengo la sakafu 24 lenye ngazi moja, sasa wameamua majengo mapya ya makazi yanayozidi mita 18 yawe na ngazi mbili kuanzia 30 Septemba 2026. Jengo la jirani yako halifiki hata mita 15, kwahiyo kwa kipimo hicho hata Uingereza wasingemlazimisha ngazi ya pili.

Ila angalia masharti. Seattle wanakuruhusu ngazi moja ukiwa na nyumba zisizozidi nne kwa kila sakafu, hapo jirani yako anapita sawasawa, lakini jengo zima linatakiwa liwe na vinyunyizio vya maji darini, ngazi ikingwe na kuta zinazohimili moto, na moshi usiweze kuingia kwenye ile ngazi. Sisi tunachukua ile ngazi moja, masharti yote tunayaacha kule kule. Ndo ugonjwa wenyewe. Mimi ningekuwa kwenye kikao nisingebishania idadi ya ngazi, ningeuliza hii moja inalindwaje.

Na kuna kitu ambacho sisi wa Kigoma tumepewa bure na Mungu hatukitumii. Huku hakuna baridi. Hatuna sababu ya kufungia ngazi katikati ya jengo kama kisima. Ngazi ikitolewa pembeni, upande mmoja ukaachwa wazi na ukuta mfupi tu wa kuzuia mtoto asidondoke, na milango ya nyumba ikatazama varanda ya nje iliyo wazi badala ya korido ya ndani, moshi unajiondokea wenyewe. Mvua unaizuia kwa kurefusha paa. Gharama haiongezeki sana, pengine inapungua maana unaokoa taa za mchana na kuta za ndani. Majengo ya zamani yalikuwa hivyo, kitu cha kujifungia ndani kama hoteli kimeingia juzi tu.

Mwenye_Nyumba_Gungu:

Mimi ni mwenye nyumba, nina vyumba vya kupangisha Gungu na ninajipanga kupandisha sakafu mbili, kwahiyo naongea kutoka upande wa pili na naomba msinirukie.

Watu wanadhani mwenye nyumba ana roho mbaya. Hebu fikirieni, kiwanja cha futi 50 kwa 80, ukiweka ngazi mbili umepoteza chumba kizima kila sakafu, vyumba vinne kwenye jengo zima la sakafu nne kama hilo, na mkopo wa benki hausubiri. Hivyo vinyunyizio vinavyotajwa hapo juu vinataka pampu, tanki, mabomba, na fundi wa kuvihudumia, ambaye kwa hapa Kigoma mpaka nimwite kutoka Dar au Mwanza. Alafu bado maji yenyewe kuna siku hayatoki. Nikiweka hayo yote kodi inapanda, na mpangaji huyu huyu anayelalamikia moto ndo wa kwanza kuhamia kwenye chumba cha bei nafuu kisicho na chochote.

Na hizo grili tusizilaumu kirahisi. Mimi mwaka juzi wameingia wezi vyumba viwili usiku mmoja, walipita dirishani, mpangaji wangu mmoja mama mwenye mtoto mchanga waliondoka na kila kitu mpaka mtungi wa gesi. Wapangaji wakija kuangalia nyumba kitu cha kwanza wanashika grili wanaitikisa. Nisipoweka sipati mtu.

Ila hoja ya varanda ya nje nimeipenda, hiyo naiweza, ntaongea na mtu wangu wa michoro.

Bibi_Mdogo_Ujiji:

Ndugu yangu wa Gungu mi sikurukii, ila naomba nikusimulie kuhusu hizo grili maana kila nikiona neno hilo mikono inanitetemeka.

Dada yangu alikuwa amepanga nyumba ya chini, siyo ghorofa, nyumba nzuri ya kisasa ina grili kila dirisha na mlango wa mbele una mlango wa chuma juu ya mlango wa mbao. Usiku mmoja umeme ulikatika, ukarudi ghafla, friji ikashika moto jikoni, na jiko liko kati ya vyumba na mlango wa mbele. Akaamka nyumba imejaa moshi. Mlango wa nyuma ulikuwa na kufuli na funguo alikuwa ameziweka kwenye pochi, pochi iko sebuleni. Amesimama dirishani na watoto wawili anatuita na sisi tupo nje tunamuona, tunashikana naye mikono kupitia kwenye zile nondo, na hatuwezi kumtoa. Sijui kama mnanielewa. Unamshika mkono mtu na huwezi kumtoa.

Vijana wa jirani walikuja na mtaimbo na sululu wakapiga ukuta pembeni ya dirisha, siyo grili, ukuta, maana tofali lilikuwa laini kuliko chuma. Walitoka wote watatu wazima, Alhamdulillah. Mtoto mdogo alilazwa siku nne kwa ule moshi na mpaka leo kifua kikibana tunakimbia naye hospitali. Mwili mzima hakuwa na doa la kuungua, alikuwa amevuta moshi tu.

Baada ya hapo mimi kwangu nilimwita fundi wa kuchomelea akakata grili ya chumba cha watoto akaiwekea bawaba na komeo la ndani, linafunguka kwa mkono bila funguo. Mwizi aliye nje hafikii komeo kwa sababu fundi aliweka bati dogo mbele yake. Gharama haikufika hata kodi ya mwezi mmoja. Mwalimu hilo naomba ulipeleke kikaoni, kila nyumba kwenye hilo ghorofa iwe na dirisha moja la hivyo.

Mstaafu_wa_Zima:

Nimetumikia zimamoto miaka mingi, sasa nimepumzika nalima michikichi. Pole sana binti kwa yaliyowakuta na hongera kwa wale vijana, waliamua vizuri kupiga ukuta.

Alilosema la mtoto ndilo nataka mkae nalo. Kwenye nyumba za kuishi moshi unaua kabla moto haujafika. Mwaka 2022 mwezi wa kwanza kule New York eneo la Bronx, hita ya umeme ilishika moto kwenye nyumba moja sakafu za chini za jengo la sakafu 19. Moto wenyewe haukusambaa sana, uliishia pale pale na korido yake, lakini wale watu walipokimbia mlango wao ulibaki wazi, na ilikuwa milango ya aina inayotakiwa kujifunga yenyewe, haukujifunga. Moshi ukapanda kwenye ngazi mpaka juu. Walikufa watu 17, watoto wamo, wote kwa moshi. Mlango mmoja.

Kwahiyo mwalimu ukiangalia ule mchoro, ngazi katikati haina uwazi na milango minne inaitazama kila sakafu, hilo ni dohani. Moto ukianza chini kwenye mita au jenereta, ile ngazi ndo bomba la moshi na ndo njia pekee ya watu. Hapo mimi nisingesaini. Jenereta na mita zitoke pale, jenereta ikae nje kwenye kibanda chake mbali na mlango wa kutokea. Hilo halina mjadala wa gharama kwa sababu ni kuhamisha mistari kwenye karatasi, bado hajamwaga zege.

Milango ya kila nyumba iwe ya mbao nzito iliyojaa, siyo ile ya maboksi yenye uwazi ndani, na iwe na springi ya kuirudisha. Springi ya mlango zipo madukani hapa hapa mjini.

La grili nakubaliana na binti ila niongeze. Kwa sakafu ya chini na ya pili dirisha linalofunguka linaokoa, mtu anatoka au anashushwa kwa ngazi ya kawaida. Kwa sakafu ya tatu na ya nne dirisha linakusaidia kupata hewa na kuonekana, lakini usiruke, tafadhali sana. Kule juu tegemeo ni ngazi, ndo maana nasisitiza ngazi kuliko kitu chochote. Kwa jengo la sakafu nne ningependa pia ngazi ya pili ya chuma nyuma ya jengo kutoka kwenye varanda, nyembamba tu, haili chumba cha mtu.

Kuhusu kichochoro. Gari la zimamoto siyo bajaji. Likishindwa kuingia vijana wanavuta mipira kwa miguu na muda unakwenda. Na maji ya kwenye gari yanaisha, gari lenye lita 5,000 na mpira mmoja unatoa lita 500 kwa dakika, ni dakika kumi umebaki na gari tupu. Ndo watu wanasema zimamoto wamekuja bila maji, wamekuja nayo, yameisha. Hilo jengo la familia kumi na sita lazima litakuwa na tanki kubwa la chini la kuvunia maji, mwambieni aweke bomba lenye kichwa cha kuungia mpira wa zimamoto, upande wa barabara, wazi, pasiwekwe gari mbele yake. Ulizeni zimamoto wa hapa kichwa cha kipimo gani ili kisije kikawa hakiingiliani.

Namba ni 114, ni bure. Piga kwanza halafu ndo uanze kupambana, wengi wanafanya kinyume.

Jirani_Mwanga:

Shikamoo mzee, nimeandika yote kwenye daftari. Dada wa Ujiji nimesoma mara mbili, mke wangu nimempa asome akanyamaza kimya. Watoto wetu wanalala chumba chenye grili ya kuchomelea moja kwa moja.

Fundi_Umeme_KG:

Nachangia kidogo. Mimi ni fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, wale wadhibiti wa nishati na maji. Moto mwingi wa nyumba za kupanga ninaoitwa kuangalia baada ya kutokea unaanzia kwenye soketi na ekstensheni. Kwenye apatimenti muulizeni kila nyumba itakuwa na sakiti breka zake ndani au zote ziko chini kwenye mita? Ziwe ndani. Waya wa soketi uwe wa milimita za mraba 2.5, taa 1.5, jiko la umeme liwe na laini yake peke yake ya 6, na soketi ziwe za kutosha, chumba kikiwa na soketi moja mpangaji lazima ataunga ekstensheni juu ya ekstensheni. Na hii ya kuchaji betri za pikipiki za umeme kwenye ngazi ikatazwe mapema kabla hazijajaa huku, ile betri ikishika moto moshi wake ni sumu na inawaka tena baada ya kuzimwa.

Na mita zisifungiwe kwenye kabati moja na ndoo za rangi na mabox kama nilivyokuta jengo moja juzi.

Mnyamwezi_Isevya:

Nawasalimu kutoka Tabora, miembe inawasalimia. Huku kwetu maghorofa ya kupanga nayo yanaanza kuja, kwahiyo nafuatilia.

Kitu ambacho sijaona mmekisema ni geti. Nilipanga jengo moja la sakafu tatu, mlinzi alikuwa anafunga geti la ngazi kwa kufuli saa nne usiku kisha anakwenda kulala kibanda cha mbele na funguo mfukoni. Tulilalamika tukaambiwa ni usalama wetu. Tarehe 31 Agosti 2023 Johannesburg liliungua jengo la katikati ya mji, Usindiso, wakafa watu 76, na moja ya mambo yaliyosimuliwa na walionusurika ni mageti yaliyofungwa. Nilihama mwezi huohuo. Sikuwa na ubavu wa kubishana na mwenye nyumba ila miguu ninayo.

Kwahiyo mwambieni geti la chini liwe la kufunguka kwa ndani bila funguo, lile la kitasa cha kuzungusha. Mwizi yuko nje, aliye ndani afungue tu atoke.

Na gesi. Serikali inataka ifike 2034 asilimia 80 ya Watanzania tuwe tunapikia nishati safi, ni jambo jema, mama yangu kaumwa macho miaka yote kwa moshi wa kuni. Lakini maana yake kwenye jengo hilo ni mitungi kumi na sita. Gesi ya mtungini ni nzito kuliko hewa, ikivuja haipandi, inatambaa chini sakafuni na inashuka ngazi kwa ngazi kama maji mpaka ikutane na cheche. Jiko liwe na tundu la hewa usawa wa chini kabisa karibu na sakafu linalotazama nje, siyo dirisha la juu peke yake. Bora zaidi kila nyumba iwe na kibaraza cha nyuma cha kuweka mtungi nje, bomba tu ndo liingie ndani.

Mwenye_Nyumba_Gungu:

Hilo la geti limenigusa, mimi ndo nafanya hivyohivyo na kufuli, mlinzi wangu analala na funguo. Nabadilisha wiki hii.

Mchora_Ramani:

Nyongeza kwa mwalimu kabla ya Jumamosi. Kuhusu ukubwa wa grili inayofunguka, Marekani kwa dirisha la chumba cha kulala la kutokea wanataka uwazi usiopungua kama sentimita 51 upana na 61 urefu, na ukizidisha eneo lote lisipungue nusu mita ya mraba hivi. Ni kipimo kizuri cha kuanzia, mtu mzima anapita na mtoto mgongoni. Usiende na madai kumi na tano, nenda na manne tu: ngazi iwe wazi upande mmoja, jenereta na mita zihame, dirisha moja la grili ya kufunguka kila nyumba, na njia ya gari la zimamoto. Mengine mzee na fundi waliyosema mpe mwenye kiwanja kwenye karatasi pembeni, kwa heshima, kama jirani.

Jirani_Mwanga:

Wakuu nimerudi, kikao kimeisha jana, nawaletea kama kilivyokuwa.

Tulikuwa watu kama arobaini chini ya mwembe wa mwenyekiti. Mwenye kiwanja alikuja mwenyewe pamoja na mchoraji wake, na nikiri nilimdhania vibaya, ni mtu mzima mpole, mstaafu, hela yenyewe ni kiinua mgongo chake chote. Wa kwanza kuongea walianza kumshambulia kuhusu kivuli na kuchunguliwa dirishani, akawa mkali kidogo. Nilipopata nafasi nikaanza na lile swali la zimamoto. Afisa wa mipango miji akasema wazi kuwa faili halijafika zimamoto, na akaandika pale pale kwamba litapelekwa kwanza kabla ya hatua nyingine. Hilo peke yake liliniondolea mzigo.

Kisha nikasimulia habari ya dada wa Ujiji, bila kutaja mtu, nikasema tu ndugu yetu mmoja. Kile kipande cha kushikana mikono dirishani. Mwenye kiwanja akainamisha kichwa akakaa hivyo muda mrefu, akasema yeye wajukuu zake ndo watakaa sakafu ya juu. Tangu hapo kikao kikabadilika.

Jenereta na mita kakubali kuhamisha bila ubishi. Mchoraji wake alisema ngazi kuitoa pembeni na kuiacha wazi inawezekana, akachora kwa kijiti mavumbini, varanda ya nje inatazama upande wa barabara na zile nyumba nne zinafunguka humo. Grili za kufunguka kakubali, ila anataka ziwe kwenye chumba kimoja tu cha kila nyumba, nikaona ndicho tulichoomba. Tanki na kichwa cha mpira wa zimamoto kasema ataulizia bei. Ngazi ya pili ya chuma nyuma kakataa, anasema nyuma amebakiza nafasi ndogo na ikiwekwa hapo wezi watapandia. Mzee wetu wa zimamoto najua hutafurahi. Afisa kasema zimamoto ndo watasema kama ngazi moja iliyo wazi inatosha kwa sakafu nne, na tukubaliane tutafuata kauli yao.

Gumu lilikuwa kichochoro. Afisa alitoa ramani ya viwanja tukaenda wote kupima kwa futi, kumbe njia kwenye ramani ni pana kuliko tunayoiona, sisi wenyewe ndo tumeila. Kuna mtu ana kibanda cha chipsi, mwingine ngazi za mlango, na ukuta wangu mimi umeingia barabarani karibu mita moja. Niliukuta umejengwa hivyo niliponunua, lakini ni wangu. Watu wote wakanigeukia. Nikasema nitaubomoa na kuurudisha, mpaka mwisho wa mwezi wa nane, na mwenyekiti kaandika. Mwenye chipsi amekataa, anasema ndo anapopatia ugali wa watoto, na sijui tutafanyaje naye, hapo bado pana mazungumzo, tumekubaliana tumtafutie sehemu pale kona ya juu kabla ya kumwambia atoke.

Mstaafu_wa_Zima:

Umefanya kazi kubwa mwalimu. La ngazi ya nyuma usilipiganie sasa, waache vijana wa zimamoto waende waone. Ngazi iliyo wazi upande mmoja imeshakuondolea hatari kubwa zaidi. Ila hakikisha kwenye ule uwazi hawaji baadaye kuziba na vioo au matofali ya urembo, wanapenda kufanya hivyo jengo likishaisha, wakisema mvua inaingia. Na varanda isijae makochi mabovu na magunia ya mkaa.

Bibi_Mdogo_Ujiji:

Nimemsomea dada yangu sehemu ya mwenye kiwanja kuinamisha kichwa. Anakushukuru. Je, ile grili ya chumba cha watoto wako umeifanyaje?

Jirani_Mwanga:

Fundi amekuja leo asubuhi, amemaliza saa saba. Ameikata upande mmoja wa dirisha, akaweka bawaba tatu na komeo la kuvuta juu, na bati la kukinga mkono wa nje kama ulivyosema. Tumepima kwa futi, sentimita 55 kwa 95. Tukazima taa, nikamwambia binti yangu wa miaka saba ajaribu peke yake gizani bila kumwelekeza. Mara ya kwanza alivuta chini. Mara ya pili akafungua, akatoka, akatukuta uani mimi na mama yake tunamsubiri. Mdogo wake wa miaka minne komeo halifikii, kwahiyo kesho fundi anarudi kulishusha.